Nanga Mgongoni

Alfajiri ya Julai, pwani ya Noto,
naendesha trekta la manispaa.
Kazi yangu kuchana mchanga
hadi ulale kama nywele za bibi harusi:
chupa, vipande vya nyavu, mwani uliooza,
vyote ndani, kabla wageni wa hoteli hawajaamka.
Miaka kumi na tisa. Sijalaumiwa hata mara moja.

Leo Bi Kiyose amepiga magoti mbele ya gurudumu.
Mwalimu mstaafu, viatu mkononi.
Amechomeka vijiti vya kulia wali,
kila kijiti kando ya tundu
ambalo kidole changu cha mwisho kingeliziba.
"Shuka, Kakiuchi," anasema. "Tazama."

Nikashuka. Sikuona kitu.
"Ngoja. Kivuli chako kimewatisha."
Nikangoja hadi miguu ikafa ganzi,
ndipo mchanga ukaota macho:
katika kila tundu kichwa bapa,
kichwa ambacho ndicho mlango wa nyumba,
kimelingana na ardhi, kimya,
kinamvizia kiroboto wa pwani.
Kiroboto akapita.
Mlango ukamla.

Nikacheka peke yangu kama mwehu.

Mara akatoka mkubwa wao, mbawakawa
mwenye miguu ya uzi na taya za mundu,
mgongoni kachorwa nanga.
Nanga! Na hatulii hata nukta mbili.
Hutimka hadi mbio zimpofushe,
husimama, dunia imrudie machoni,
kisha hutimka tena.
"Akikimbia haoni," alisema mwalimu.
Nililitazama trekta langu.

Mama alimwita mwonyesha-njia:
ukimfuata huruka hatua tatu mbele,
hutua, hugeuka, kana kwamba auliza,
mbona huji?

"Walijaa hapa hadi kule kwenye misonobari."
"Basi ni mimi niliyewachana," nikasema.
Hakukataa. Wala hakunifariji.
Alinipa kijiti.

Saa mbili kasoro meneja wa hoteli akapiga simu:
mbona kuna utepe wa uchafu, hatua arubaini,
mwani unanuka, wageni wanaziba pua?
Nikamwambia usukani unavuta kushoto,
fundi yuko Kanazawa, huenda akaja wiki ijayo,
huenda asije.

Usiku nilikula wali kwa kijiko.
Vijiti vyangu vyote nilikuwa nimeviacha mchangani.