Miandiko

Miaka kumi na tisa nyuma ya kaunta hii ya Langoni,
nawajua madaktari kwa miandiko
kabla sijawajua kwa nyuso.

Daktari Lali huandika atenolo. Atenolo tu.
Aliisoma ujanani, akaioa, hajaongeza mke.
Mgonjwa akilalama, "Miguu inanipoa kama ya maiti,"
humjibu, "Vaa soksi,"
na mgonjwa, kwa kuwa ni Lali aliyewatahiri wanawe,
hununua soksi.

Daktari Nyaboke alikuja mwaka jana kutoka bara.
Vidonge vinne, mstari umenyooka,
kila kimoja na saa yake,
kama ratiba ya treni katika mji usio na reli.
Bi Somoe wa Kizingitini alimwandikia warfarini,
damu ipimwe kila Jumatatu, saa mbili.
Nikampigia: Daktari, maji yakitoka
mashua hukwama Mkanda.
Bahari haijui Jumatatu.
Kimya. Kisha nikasikia kalamu ikikata.
Siku hizi huniuliza maji kwanza, ndipo aulize damu.

Na yuko yule wa zahanati ya Matondoni,
anayemaliza asubuhi nzima kwa mtu mmoja:
ngazi ngapi mpaka kitandani,
ng'onda huoshwa mara ngapi kabla ya kutiwa chunguni,
nani hulala chumba cha pili,
hata foleni nje inaanza kutukana.
Mwisho wake, nusu kidonge.
Nusu! Nikikikata kwa wembe
naona haya kupokea pesa.

Juzi baada ya isha, nashusha mlango,
akaingia Lali mwenyewe, mkono ukutani,
akingoja pumzi imfikie.
Karatasi aliyonipa: vidonge vinne, mstari umenyooka.
"Vya jirani," akasema.
Jina lilikuwa juu pale, lake, na la babake, na la babu.
Nikalisoma kama sikuliona.

"Mwambie jirani hiki ni cha asubuhi.
Hiki kitamkojoza, asikinywe usiku.
Asiinuke kwa ghafla.
Na ile atenolo aliyojipa mwenyewe
asiiache kwa siku moja; arudi kwa aliyemwandikia hivi."

"Jirani akisahau dozi?"

"Asinywe mbili. Anipigie, hata usiku."

Akahesabu pesa, akazihesabu tena.
Pale kizingitini alipoinama kuvaa makubadhi
nikaona soksi,
jozi mbili, moja juu ya nyingine,
katika joto lile la Februari.