Watasema

Huku Tukuyu rangi ya mafuta haikauki.
Naipaka Jumatatu, Jumatatu ya pili bado inanata.
Mvua inapiga bati, ukungu unaingia bila hodi
na kukaa juu ya turubai kama mgeni asiyeaga.
Nimejifunza kungoja. Nimejifunza pia
kuficha picha mbichi uvunguni,
kuku wa mama mwenye nyumba wasije wakatia sahihi.

Andengulile alikuja na pikipiki ya maziwa,
madumu matupu yakigongana,
akavua koti la mvua, akalishika mkononi, hakukaa.
"Nasikia unachora mbwa."
Nikamwambia nachora milima. Mbwa nimechora wawili tu,
wa bwana mifugo, naye alinilipa viazi.
"Basi wangu awe wa tatu.
Ila amekufa. Na picha yake sina."

Mbwa mwenyewe aliitwa Watasema.
Jina alipewa na mama yake Andengulile
mwaka ule alipofiwa na mume, shemeji zake wakaja
na kamba ya kupimia shamba la migomba,
naye akasimama mlangoni, mwiko mkononi, akakataa.
Tangu hapo kila jioni alitoka uani kumwita mbwa aje ale,
kwa sauti ya kuvuka mabonde matatu:
Watasema! Watasema ee! Watasema!
Na majirani, waliokuwa wanasema, wakanyamaza.

Nikamhoji kama polisi.
Masikio? "Moja limesimama, moja limelala."
Mkia? "Umepinda kushoto, kama mpini wa jembe bovu."
Rangi? Hapo akakwama. Akatazama nje, akatazama ukutani,
mwisho akasema, "Rangi ya chai
iliyotiwa maziwa na mtu mchoyo."

Hiyo niliipata siku ile ile:
kahawia ya udongo, njano kidogo, tone la nyeupe,
kisha nikauzuia mkono.

Kijani ndicho kilinitesa.
Lugha imenipa neno moja, dirisha linanipa arobaini:
cha mgomba uliochanwa na upepo,
cha chai iliyochumwa jana na cha chai ya kuchumwa kesho,
cha mparachichi, cha ukoka ulioota penye mavi ya ng'ombe,
na kule juu, Rungwe ikijifunua dakika tano,
kijani ambacho tayari ni bluu, kimeanza kuwa mvua.
Nilimaliza tyubu mbili.
Tyubu moja ni nauli ya Mbeya, kwenda na kurudi, mara tatu.

Siku aliyorudi aliinama kuitazama, akasema polepole,
"Hapo mlangoni. Mtie mama."
Nikamuuliza sura yake. Akafungua kinywa.
Masikio ya mbwa aliyajua, pindo la mkia alilijua.
"Alikuwa..." akasema. "Alikuwa mama tu."
Rangi ya hiyo sikuwa nayo.
Nikauacha mlango wazi, ndani giza la jiko,
moshi ukitambaa chini ya paa usijue pa kutokea.
Nikayasimamisha masikio ya Watasema yote mawili,
hata lile la kulala,
shingo imegeuka kuelekea mlangoni.

Aliliona sikio. Nilidhani atanisahihisha.
Akahesabu noti, zina harufu ya maziwa,
akazihesabu tena.

Nilimkataza kuichukua mbichi, akaichukua.
Akaifunga kwa mpira juu ya madumu, uso ukitazama nyuma,
akateremka njia ya Kyimbila.
Wanawake wa ndizi wakashika viuno:
mtu mzima, mwenye akili zake, kulipia sura ya mbwa!
Akikata kona ndipo nikaona
unyoya wa kuku umenasa kifuani mwa picha.
Nikakimbia hadi barabarani, matopeni, nimpigie kelele asimame.
Kilichonitoka
kilikuwa jina la mbwa.