Gia ya Tatu

Trekta la marehemu lilikaa msimu mzima,
kuku wakitaga kitini.
Mashemeji walikuja na bei. Nikawapa chai.

Adoyo, binti wa fundi pale Muhoroni,
ndiye aliyenipandisha:
"Kanyaga klachi. Toa mguu kwenye mafuta.
Haya, ya tatu."

Hakuna aliyeniambia
kwamba kabla ya kupanda
injini huachwa kidogo, haishiki kitu,
na tela la miwa nyuma yako
linakumbuka mteremko.

Hapo nilipiga ukemi.
Likanizimikia mara nne.

Mara ya tano ikaingia,
kwa mlio wa komeo
la nyumba yako mwenyewe, ukifunga kwa ndani.

Mashemeji walikuwa kando ya barabara.
Niliwapigia honi.
Kusimama nilikuwa bado sijafundishwa.