Kutu ya Ishigaki

Kazi yangu ni kutu.
Miritini, yadi ya pili ukipita mizani,
nalala chali juu ya gunia, tochi mdomoni,
nalisoma tumbo la gari:
hili limetoka kwenye theluji, limeliwa kuanzia chini;
hili ni la mjini, limezeekea foleni.
Lakini hiki cheupe, kidogo, chenye harufu ya chai isiyo na sukari,
kimeliwa toka juu, paani, kwenye bawaba za milango,
kama mabati ya nyumba yetu Likoni.
Nikamwambia Mwachiro: huyu mtoto wa kisiwa.

Akabisha. Mwachiro hubishana hata na saa.

Nikafungua kijaluba cha dashibodi:
risiti tatu,
peremende iliyoyeyuka ikaganda tena,
na karatasi iliyokunjwa mara nane.
Nikaitandaza juu ya boneti.

Bahari. Na ndani ya bahari
visiwa kama makombo mtu akishakula mkate,
vimetupwa kusini huko, mpakani mwa nchi ya watu wengine,
mji wao mkuu uko mbali
mara nne ya Nairobi na sisi.
Simu ikanitafsiria kwa kigugumizi:
Ishigaki. Ukuta. Wa mawe.
Na mawe yenyewe, nilipokaza macho pichani,
ni matumbawe, yaleyale
yanayochubua viwiko vya watoto vichochoroni Kibokoni.

Kisiwa cha pili ni msitu mtupu:
mto wa rangi ya chai, mikoko imepiga magoti
kama ya Tudor, ila bila chupa za plastiki,
na paka mwitu asiyepatikana pengine popote duniani.
Cha tatu kidogo, unakizunguka kabla jua halijakuuma;
nyati anavuta mkokoteni wa watalii, polepole,
kati ya nyumba za vigae vyekundu,
na juu ya kila paa simba wa udongo, kinywa wazi.
"Simba wametoka wapi kisiwani?" Mwachiro akacheka.
Nikamuuliza na zile pembe za bati kule Moi Avenyu,
ndovu wake wanalala mtaa gani.

Nyuma ya ramani, nguzo kumi na mbili za mvua.
Januari, mti umechanua waridi bila jani.
Mei yao imelowa kama Mei yetu;
hapo tungeweza kuazimana miavuli.
Kisha Agosti,
sisi tukivaa sweta kwa digrii ishirini na mbili,
wao wamechorewa duara jeupe lenye jicho:
kimbunga.
Ndiyo maana nyumba zimeinama. Ndiyo maana ya kuta.
Nikapitisha kidole paani mwa gari,
pale kutu ilipochora visiwa vyake vyenyewe,
nikajua nilikuwa nagusa upepo wa mtu.

Mwachiro akawasha injini. Kioo kikaamka,
mwanamke akasema kitu kwa adabu nyingi.
Kitone cha gari kilikuwa kimesimama katikati ya buluu.
Afrika haimo mle.
Kwa yule mama, Miritini yote ni maji,
nasi tumekanyaga juu yake na makandambili.

Jumamosi akaja mnunuzi, Mwalimu Mwakisha wa Voi,
ana bahasha na kalamu mbili mfukoni.
Nilimwonyesha kutu yote, bila kuficha;
bei ikashuka, tajiri akaninunia hadi leo.
Mwalimu akaketi, akarekebisha kiti,
akageuza ufunguo, na yule mama akasema tena.
"Asemaje?"
Sikujua. Simu ilikuwa imezima.
Nikasema: anakwambia uende taratibu,
mbele kuna nyati barabarani.

Mwalimu akatikisa kichwa, akafunga mkanda.
"Basi ananijua nyumbani," akasema.
"Kuanzia Maungu wapo."