Kuota

Tulitoka Miritini alfajiri, Mwadime usukani,
mimi nyuma na sweta mbili za marehemu baba.
Kijana wa petroli akatucheka:
“Mwenda Ulaya nyinyi?”

Baada ya Mwatate lami ikakoma.
Kona juu ya kona, ukungu ukilamba kofia,
pikipiki ikikohoa kama mwenye pumu.
Vidole vyangu sikuvijua ni vya nani.

Mwadime alisimama penye migomba,
akanivua glavu zilizolowa,
akaisogeza mikono yangu kwenye injini.
“Ota,” akasema. Basi.

Leo Julai tena. Mwadime yuko Doha.
Uani kwetu Kisauni
kuku kafanya kiti chake kiota.
Namfukuza, naiwasha pikipiki aliyoniachia,
nasogeza mikono.

Jasho lanitiririka.
Naota.