Risiti Namba Saba

Kitabu cha risiti cha msitu wa kijiji
nakificha kwenye debe tupu, panya wasikione.
Namba moja hadi sita ni wageni wa Sikonge mjini:
mkaa, mkaa, msumeno, mkaa.

Jana doria ilimleta Mihayo,
kaka yangu,
na magogo matatu ya mtundu, ya kukaushia tumbaku.
“Msitu si wetu? Tuliupima wenyewe.”
Kweli. Kamba aliishika yeye,
mimi nikaandika hatua.

Kamati ikanitazama.
Kalamu iligoma; nikaisugua kiganjani.

Elfu hamsini. Amelipa nusu.
Leo hakupita kunywa uji.

Mtundu wa nne umesimama, na mzinga wa marehemu baba.
Mwezi wa sita tukirina,
fungu la Mihayo nitalipima mwenyewe,
lisipungue hata kijiko.