Goti la Kushoto

Ilianza kuteleza mwezi wa pili, gia ya nne,
kwenye mwinuko wa kutokea Kemijärvi:
mlio unapanda, mshale unapanda,
gari limetulia palepale
kama mtu aliyeitwa akajifanya hasikii.
Kisha harufu. Aliyeinusa haisahau,
kitambaa kilichosahauliwa chini ya pasi.

Nilijua kosa ni langu.
Mimi ndiye niliyeifungia turbo Volvo ya marehemu baba,
gari la kubebea viazi na mbao,
nikaongeza presha kidogo, na kidogo tena,
kama mlevi anavyojimiminia,
na klachi ikabaki ileile ya kiwandani:
kamba ya mbuzi shingoni mwa fahali.

Majuma mawili nilikula chakula juu ya katalogi.
Kuna sahani laini: hushika taratibu,
husamehe, hufa mapema.
Kuna ya vidonge sita vya kauri:
hiyo haina katikati, ni ndiyo au siyo,
na springi yake nzito hutaka mguu wenye hasira.
Mchagua jembe si mkulima, wanasema.
Aliyesema hivyo hakuwahi kushusha giaboksi
peke yake, mgongo kwenye saruji,
nje nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri,
akagundua baadaye kuwa jembe silo.

Urpo wa matairi alikuja na kahawa yake,
akapiga kura: kauri.
Nikamwambia, kila Alhamisi mama huliendesha hadi Rovaniemi,
kwenye mazoezi ya goti.
Goti lipi?
La kushoto. Lililotiwa chuma.
Urpo akanywa kahawa. Mguu wa klachi ni huohuo,
na hakuna katalogi yenye safu ya magoti.

Nikaagiza laini.

Jumamosi nikaingia chini.
Shafti, nyaya, starta,
kisha ile boliti ya juu kabisa,
ambayo aliyeibuni hakuwa na viwiko.
Giaboksi ikanishukia kifuani kama shemeji aliyelewa.
Nikafungua, nikamulika tochi:
flaiwili ina madoa ya buluu, duara zima.

Mlima hauchomi hivi.
Hivi huchoma mtu anayekanyaga mafuta hadi chini
na kuiachia klachi ghafla, tena na tena,
mahali pasipo na cha kugonga.

Mama alikuwa mlangoni ndani ya koti la baba.
Aliitazama ile buluu muda mrefu.
"Ziwani," akasema. "Alfajiri. Barafu ina nusu mita.
Tangu mazishi sipati usingizi."
Akaokota boksi jipya, akalisoma kwa mbali, bila miwani.
"Hii ndiyo laini?"
Ndiyo.
"Irudishe."
Goti, mama.
"Goti ni langu. Tena nalo ni la chuma."

Siku tisa tukaingoja kauri.
Flaiwili ikaenda kwa mchonga vyuma, ikarudi inang'aa.
Beringi nayo nikabadilisha, nani atashuka huku mara mbili?
Sahani nikailenga katikati kwa mpini wa ufagio
uliozungushiwa utepe hadi ukaenea tunduni.
Boliti kwa mkingamo, kidogo kidogo, kila moja ikingoja wenzake.
Grisi kwenye meno ya shafti, kiasi cha punje ya dengu.
Zaidi ya hapo itarukia sahani,
na kinga na kinga haviwaki moto vikilowa.
Mama alishika tochi.
Kufikia jioni alikuwa ananipa spana kabla sijaitaja.

Akaketi. Akakanyaga. Uso ukamkunjamana,
sikusema kitu.
Akaachia, na gari likatetemeka
kama mtu anayebana kicheko kanisani,
kisha likashika, likatoka theluji ikiruka.

Aliporudi nilisimama dirishani pake.
Kilomita mia tano za upole kwanza, nikamwambia,
mpaka sahani na flaiwili vizoeane.
Akahesabu kwa vidole juu ya usukani:
Rovaniemi, kwenda na kurudi.
"Alhamisi tatu," akasema.
Akatazama upande wa ziwa.
"Barafu itakuwepo bado."